Tangazo lilisema paukwa, nikajibu pakawa kwa hela yangu, hadithi haikuja

Wakuu naomba nilitoe hili moyoni maana nimekaa nalo siku nyingi na halijapoa. Nilinunua gemu ya vita vya anga, zile za kuongoza kundi zima la meli, unachimba madini kwenye vimondo, unajenga meli, unateka sayari. Jina naliacha. Tangazo lake ndo lilinimaliza. Kuna sauti ya mama mtu mzima, nahodha, anaongea taratibu kuhusu kwao kulivyoungua, nyuma yake dirisha kubwa na meli zinapita moja moja kama watu wanaosindikiza msiba, halafu kioo kinakuwa cheusi. Mwili ulinisisimka. Nikasema hii lazima niwe nayo, nikajichanga, ilikuwa laki na ushee, nikalipa.

GB 38 nikazishusha kwa bando la usiku, siku tatu mfululizo naamka saa nane kuanzisha, alfajiri nasitisha kabla muda wa bando haujaisha. Wanaoishi na bando wanajua ninachosema. Siku ya nne nikafungua, hedifoni masikioni, taa nimezima kabisa. Menyu ikaja ina vitu vitatu: cheza na kompyuta, cheza na watu mtandaoni, mipangilio. Basi. Nikatafuta kampeni, yaani ile stori ya misheni kwa misheni unayocheza mwenyewe, hamna. Nikajua tu faili halijashuka lote, maana haiwezekani, yule mama yuko wapi? Nikafuta kila kitu nikashusha upya. Upya wakuu! GB 38 nyingine, siku tatu nyingine za kuamka usiku kama nina mtoto mchanga ndani. Menyu ikaja ileile.

Nikawaandikia huduma kwa wateja wao. Kwa adabu kabisa, nikawasifia na michoro, nikauliza tu stori ya yule mama inachezwa wapi. Jibu likaja baada ya siku kama mbili, mistari miwili: gemu yao haina kampeni kwa sababu wanaamini mchezaji anatakiwa atengeneze stori yake mwenyewe, na isitoshe wachezaji wengi hata wakipewa kampeni hawaimalizi. Mwishoni wameweka kipicha cha roketi.

Tengeneza stori yako mwenyewe. Niliisoma ile sentensi mara nne tano nimesimama jikoni, chai inachemka mpaka inamwagikia jiko. Kwetu mtu akikwambia paukwa ukamjibu pakawa ameshaingia deni, lazima alete hadithi. Bibi yetu alikuwa anasinzia katikati lakini hakuwahi hata siku moja kutuambia haya watoto malizieni wenyewe. Hawa walisema paukwa kwenye tangazo, wakapokea hela, wakanyamaza. Na hela haikurudi, maana duka lina sheria ukishacheza zaidi ya masaa mawili hurudishiwi, na mimi masaa mawili niliyamalizia kwenye mafunzo nikihangaika kutafuta kampeni iko kona gani.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema: gemu ya mkakati ya anga ambayo haina kampeni haijakamilika. Nimeipa nyota moja.

Kwa nini naumia hivi, ngoja nieleze. Mimi haya mambo nimeyaanzia kwa kaka yangu, Tanga, miaka ile kompyuta bado ni kitu cha kufunikwa na kitambaa. Alikuwa anatengeneza kompyuta za watu na siku moja akaja na CD ya gemu ya anga inaitwa Homeworld, ile ya kwanza ya 1999 waliyoitengeneza kampuni ya Relic ya Canada. Kiingereza changu kilikuwa hakuna, kwa hiyo akawa ananitafsiria. Kuna watu wanaishi kwenye sayari ya jangwa inaitwa Kharak, wakachimba mchangani wakakuta mabaki ya meli ya kale na jiwe lenye ramani, ramani inaonyesha kwao halisi ni kwingine, mbali sana, kunaitwa Hiigara. Wakajenga meli mama moja kubwa ya kuwarudisha. Na mwanamke mmoja, Karan S'jet, akakubali mwili wake uunganishwe na meli yenyewe ili aweze kuiendesha. Unaanza kwa kwenda kuijaribu ile meli tu, safari fupi, halafu unarudi nyumbani misheni ya tatu.

Unarudi unakuta sayari inawaka moto.

Ile picha ninayo mpaka leo. Ile rangi nyekundu imetapakaa kwenye duara lote, kwaya inaimba taratibu, na wale kwenye redio ambao siku zote walikuwa wakavu sauti zao zinataka kukatika. Angani kuna makasha yenye watu waliolazwa usingizi, watu laki sita waliokuwa wapande meli, na adui anayapiga. Hao ndo waliobaki, wengine wote wamekwisha. Kaka akasimamisha gemu, akanigeukia akasema, hawana kwao tena, sisi ndo kwao. Mimi nikaanza kulia. Alinipa ile mausi akaniambia haya waokoe.

Sasa mtu aniambie hiyo ningeitengeneza mwenyewe vipi? Ningekaa pale mezani nijibunie sayari inayoungua?

Na kuna kitu kingine cha kiufundi ambacho watu hawakizungumzi. Kwenye Homeworld meli zako zinazobaki misheni hii ndo hizohizo unaingia nazo misheni inayofuata. Ukiipoteza imepotea. Kwa hiyo kale kameli kalikotoka na wewe Kharak, ukifika nako mbali, unakarudisha nyuma kwenye matengenezo badala ya kukatuma kakafe. Hiyo ni stori, ila pia ni mkakati, vimefungwa pamoja huwezi kuvitenganisha. Kwenye gemu niliyonunua mimi mechi ikiisha kila kitu kinafutika, kwa hiyo meli 60 zikilipuka unaangalia tu namba zinashuka.

Halafu kampeni inafundisha bana. StarCraft, gemu nyingine ya mkakati ya 1998, ilikupa pande tatu, kila upande una misheni kama kumi, na kila ukisogea wanakupa kifaa kipya kimoja viwili, unakizoea kabla hujapewa kingine. Mpaka unafika mwisho unajua kila kitu bila kusoma mahali. Mimi hii mpya nilitupiwa aina zaidi ya 40 za meli siku ya kwanza, na vidirisha vya maandishi madogo.

Nimeandika mpaka hapa nikakumbuka kitu kinachonipinga, nakisema maana sitaki kuonea mtu. Sins of a Solar Empire ya 2008 haina kampeni. Haina kabisa! Na nimeicheza miaka. Mle kuna hao Vasari, moja ya pande unazoweza kuchezea, wanaokimbia kitu kilichokula himaya yao yote, kitu chenyewe huonyeshwi popote, na bado nilikuwa napata ubaridi nikiwaza kiko nyuma yao. Meli kubwa zina majina, zinapanda viwango kadiri zinavyopigana, kwa hiyo nilikuwa nazo nnazozipenda. Stellaris ya 2016 vilevile haina misheni za kupangwa, ila unatuma meli ya wanasayansi kwenye sayari fulani wanakuta kitu cha ajabu, unaulizwa uamue, na uamuzi wako unarudi kukutafuta baadaye, mpaka mwishoni unaweza kuvamiwa na makundi ya wadudu kutoka nje ya galaksi. Kwa hiyo kumbe inawezekana. Na upande wa pili Homeworld 3 ya 2024 ilikuja na kampeni na wengi walilalamikia stori yenyewe. Kuwepo tu hakutoshi.

Kwa hiyo tuseme si lazima kampeni, lazima gemu ikupe sababu. Nikaipandisha mpaka nyota mbili.

Tena kuna mzee mmoja hapa mtaani nilimweleza hasira zangu, akaniambia mbona bao halina stori na wazee wanacheza barazani mpaka kiza kinaingia. Nilikosa jibu siku nzima. Lakini jibu lipo wakuu. Bao lina stori, stori yake ni yule uliyekaa naye. Ni yule aliyekufunga jana akakusimanga mbele za watu, leo umekuja kulipiza, na kesho mtakutana msikitini. Kete hazina stori, watu ndo wanayo.

Sasa twende kwenye huko kucheza na watu mtandaoni wanakonielekeza hawa jamaa. Seva ziko Ulaya. Mimi pingi yangu, yaani ule ucheleweshaji wa mtandao kwa milisekunde, ikitulia ni 190, isipotulia 300 na kitu. Naagiza meli zigeuke, zinageuka wakati zimeshapigwa. Mara ya kwanza nimeingia lobi, pale watu wanaposubiriana kabla ya mechi, nikatolewa bila neno. Ya pili mmoja akaandika huyu pingi yake mbaya mtoeni, nikatolewa. Ya tatu tumecheza dakika kama kumi hivi umeme ukakatika, intaneti ikazimika, niliporudi nimewekewa adhabu ya kukimbia mechi. Adhabu! Kampeni ningeisevu nikaendelea kesho. Hao ndo watu ninaotakiwa nitengeneze nao stori yangu mwenyewe? Hata salamu hawajanipa. Nikarudisha nyota moja.

Ila kilichonivunja moyo kabisa hakikuwa hao. Ni mpwa wangu, ana miaka tisa, alikuja kwangu likizo, akakaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa ananiangalia nacheza na kompyuta. Meli zangu zinashambulia sayari ya kijani, milipuko mizuri kweli, sikatai. Akaniuliza, anko, hao wametukosea nini?

Nikaanza kujibu nikakwama. Maana hawajatukosea kitu. Wao ni rangi ya machungwa mimi ni bluu. Nikamwambia ni maadui. Akasema najua, ila wamefanya nini? Nikazima gemu nikamwambia twende dukani.

Nisiwe mwongo, kuna usiku mmoja hiyo gemu ilinipa kitu. Kulikuwa na meli yangu moja ndogo ya doria, nimebanwa pande mbili, nimeipeleka ikazuie njia ili zingine zikimbie, nikajua imekwenda hiyo. Zilipovuka zote nikaangalia nyuma bado ipo, inatoa moshi, inazunguka mwamba mmoja peke yake. Nikaugeuza msafara wote nikairudia. Ilikuwa ujinga kimkakati na nilishindwa mechi, lakini moyo ulinidunda kama zamani. Kwa dakika zile wale wa huduma kwa wateja walikuwa sahihi, nakubali, stori ilijitengeneza. Nikatamani kuipa jina ile meli. Nikabonyeza kila mahali, hakuna sehemu ya kuandika jina! Wanakwambia tengeneza stori yako na kalamu wameficha. Asubuhi nimefungua mechi mpya haipo, hakuna hata orodha ya kuonyesha iliwahi kuwepo. Hapo ndo hasira zilirudi mbichi kabisa na ndo maana naandika.

Kwa hiyo sijui nyota ngapi. Mwenye marafiki watatu wenye intaneti nzuri na umeme wa uhakika, huenda akaipenda, michoro ni ya hali ya juu na vita vikubwa havikwami hata kwenye kompyuta yangu ya kawaida. Mimi siirudii. Kama ningeambiwa ukweli kwenye tangazo ningenunua kwa macho makavu au nisingenunua, ila wametumia sauti ya mama anayelilia kwao kuniuzia uwanja wa kugongana meli, na nilipouliza nikaonekana mimi ndo sina ubunifu.

Juzi nilimpigia kaka, yuko Muscat siku hizi, nikamsimulia yote, akacheka akaniuliza ile ya Kharak bado unayo? Ninayo, Homeworld ile iliyotengenezwa upya 2015, niliipata kwa bei ya chini kabisa kipindi cha punguzo. Nikamwekea mpwa wangu. Nilimtafsiria kama nilivyotafsiriwa, jangwa, jiwe, ramani, yule dada ndani ya meli. Misheni ya tatu alipoona sayari inawaka hakusema kitu, akasogeza ndoo mbele mpaka pua inakaribia kioo. Halafu akaona makasha yanapigwa. Akauliza wamo watu? Nikamwambia wamo, wamelala. Akaninyang'anya mausi.

Mama yake alipiga simu mara mbili kwamba aletwe akale, nikamwambia dada subiri kidogo, bado kuna kasha moja nje.