Mswaki wa umeme au wa mkono? Uliza kwanza bei ya vichwa

Nianze na bei, maana ndiyo kazi yangu. Naandika hesabu kwenye duka la vipuri vya magari pale Gerezani, na kitu ambacho wateja wetu wanakijua vizuri ni kwamba bei ya gari siyo ile uliyomlipa aliyekuuzia. Mswaki wa umeme uko hivyo hivyo.

Mswaki wa mkono, ule wenye nyuzi laini, nanunua shilingi 3,000 famasi ya mtaani kwetu Tabata. Ukiubadilisha kila baada ya miezi mitatu kama madaktari wa meno wanavyosisitiza, mwaka mzima unatumia 12,000. Huu wa umeme tuliununua 130,000 supamaketi, wa kuchaji, kichwa cha duara, ule wa chini kabisa usio na habari za kuunganishwa na simu. Kichwa nacho, yaani ile ncha yenye nyuzi, hubadilishwa kila miezi mitatu, na kimoja nakipata kwa 18,000. Yaani hata mpini ungepewa bure, vichwa peke yake ni 72,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Ni kweli vichwa vina pete za rangi shingoni ili familia itumie mpini mmoja na kila mtu awe na kichwa chake. Sasa zidisha mwenyewe kwa idadi ya midomo iliyopo nyumbani kwako.

Hatukuununua kwa fahari. Mama mkwe alikuja kukaa nasi akitokea Ngarenanyuki, Arumeru, na vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Mpini mwembamba wa mswaki wa kawaida ulikuwa unamponyoka. Alikuwa anaswaki meno ya mbele, ya nyuma anamwachia Mungu, na fizi zikawa zinatoka damu kila asubuhi. Daktari wa meno aliyemkwangua ugaga alituambia tumtafutie mswaki wenye mpini mnene, na kama uwezo upo, wa umeme, ili mkono wake ubebe tu na kazi ya kusugua ifanywe na mashine.

Kwanza tulipita Kariakoo. Kijana mmoja mwenye meza ya vifaa vya simu alikuwa na miswaki ya betri, 15,000, akatuapia kwamba ndani ya wiki moja meno ya bibi yatakuwa meupe pe. Mama mkwe ana meno ya kahawia, kama wenzake wengi wa upande ule wa Meru. Maji ya kule yana floraidi nyingi mno, inapita mbali kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajijenga ndani ya ufizi, rangi inakaa ndani ya jino lenyewe. Huwezi kuifikia kwa mswaki wa elfu tatu wala wa laki tatu. Mama mkwe alimsikiliza kijana hadi mwisho, kwa adabu zote, kisha akamwambia, "Mwanangu, haya meno ni ya kijiji kizima. Utatusafisha wote?"

Mume wangu akaununua hata hivyo, kwa ajili ya mtoto. Usihangaike na hii ya betri. Inatetema kama simu mfukoni, kichwa chake hakibadilishwi, na maji yalipenya kwenye betri ikaota kutu. Sina la kuongeza juu yake.

Ile ya kuchaji ni kitu kingine kabisa, na hapa niseme haki yake. Zipo za namna mbili hasa. Za kichwa cha duara, kama za Oral-B, kichwa kinazunguka kidogo kwenda na kurudi, maelfu ya mara kwa dakika. Za kichwa kirefu, kama Sonicare, nyuzi zinatikisika kama mara 31,000 kwa dakika. Vichwa vya aina moja haviingii kwenye nyingine, kwa hiyo ukishachagua mpini umeshachagua na duka la kwenda maisha yako yote. Kuhusu kama kweli inasafisha zaidi, wapo watafiti wa Cochrane ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya wengine na kuyapima kwa pamoja. Mwaka 2014 walikusanya majaribio 56. Baada ya miezi mitatu, waliotumia ya umeme walikuwa na utando, yaani uchafu laini unaoganda juu ya meno, pungufu kwa asilimia 21 kuliko waliotumia wa mkono, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11. Siyo muujiza, ila siyo maneno ya kijana wa Kariakoo pia.

Kwa mama mkwe tofauti niliiona kwa macho. Mpini mnene anaushika kwa kiganja chote, haumponyoki. Wiki za mwanzo alikuwa anausugua huku na huko kama mswaki wa kawaida, povu likarukia mpaka kioo, ikabidi nisimame naye: Mama, usisugue, uweke tu pembeni ya jino, kwenye mpaka wa ufizi, uache ufanye kazi, kisha hamia jino linalofuata. Kila sekunde 30 unakatikakatika kidogo kukuambia hamia upande mwingine, na dakika mbili zikitimia unatoa ishara. Kwa mtu aliyezoea kuswaki huku anasikiliza taarifa ya habari, hiyo saa ya ndani ndiyo nusu ya thamani ya kitu chote. Damu ilikoma. Sasa meno ya nyuma yanafikiwa, na yeye mwenyewe anajisifu kwa majirani.

Ninaowasimulia kuhusu mswaki huu huniuliza hilo hilo: na umeme wa Dar ukikatika? Nawaambia umeme siyo tatizo. Chaji ikijaa inamtosha wiki nzima na ushee, mgao wa siku mbili hausikii kabisa. Kinachosumbua ni soketi. Bafuni kwetu hakuna, na hata ingekuwepo ningeogopa, watu wanaoga kwa ndoo na kata, maji yanaruka kila mahali. Basi chaja inakaa sebuleni kando ya televisheni, na mgeni mmoja aliudhani mashine ya kunyolea ndevu. Plagi nayo ilikuja ya miguu miwili, soketi zetu za matundu matatu zikaikataa hadi tulipopata adapta. Na kama una ndugu Marekani anataka kukutumia, mwambie asome kwanza maandishi ya chini ya chaja. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Chaja iliyoandikwa 120 peke yake usiichomeke hapa, utaichoma.

Kila jioni mtu avue kichwa, akisuuze, na aufute mpini. Tope la dawa ya meno hujikusanya pale kichwa kinapokaa, na maji yetu ya kisima yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe.

Mimi mwenyewe? Natumia wa mkono na sina mpango wa kuhama. Mikono yangu mizima, naangalia saa ya ukutani, naulaza mswaki kidogo kuelekea kwenye ufizi na kuzungusha taratibu. Dawa ya meno ni Whitedent, inatengenezwa hapa hapa Dar. Ninachokataa ni ile miswaki migumu ambayo duka la Mangi linaning'iniza mbele kabisa. Watu wanaamini ugumu ndio usafi, wanasugua kama sufuria iliyoungua, mwishowe fizi zinapanda juu, jino linabaki limevuliwa nguo, maji ya baridi yakigusa unaruka. Tafuta palipoandikwa "Soft". Ukikuta imebaki "Hard" tu, nenda duka la pili. Bosi wangu, mzee wa Tanga, hata huo hautaki. Anatafuna kijiti chake cha mswaki, wa mti, tangu alfajiri, na meno yake yote yapo. Simgombezi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, namuuliza kwanza huo mswaki ni wa nani. Wa mzee mwenye mikono dhaifu, wa aliyepata kiharusi, wa kijana aliyefungwa nyaya za meno, au wa mtu anayesugua kwa hasira na ameshindwa kuacha: toa hela ununue wa umeme. Wengine wote, elfu tatu na dakika mbili zinatosha, na hela iliyobaki iende kwenye uzi wa meno, maana katikati ya meno hakuna mswaki wowote kati ya hii miwili unaofika.

Ila kabla hujalipia mpini, mwombe muuzaji akuonyeshe vichwa vyake vya akiba, uvishike mkononi. Kule tulikonunua, vichwa viliisha kabla mama mkwe hajavihitaji na havikurudi. Nilizunguka Mwenge na Mlimani nikikutana na vya kichwa kirefu tu, na vingine vya bei poa visivyo na jina, vinavyocheza ukivivisha. Mwishowe nilivipata famasi moja Upanga. Nilichukua pakiti mbili.