Ofisi ya safari iliyoulizia paa kabla ya tiketi

Nyota nne. Ya tano nimeizuia, na sababu yake nitaieleza huko chini bila kuficha.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, hapa Mbeya mjini. Wengi wanaopanda ngazi zake ni wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaotafuta tiketi ya Guangzhou kufuata mzigo, au wazazi wanaompeleka mtoto chuo India. Mimi niliingia Agosti 2024 nikasema nataka kwenda kuzamia, yaani kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, kisiwa cha Carriacou huko Karibi. Yule dada aliyenipokea akanisogezea kalamu na karatasi. "Mama, niandikie hilo jina, nisije nikakupeleka kwingine." Hakujifanya anapajua. Hapo hapo nikaanza kumwamini, maana wiki moja kabla nilikuwa nimempigia wakala mmoja wa Dar, naye hakumaliza dakika mbili akanihakikishia kwamba kule kila kitu kiko sawa, kisha akanitumia picha za fukwe zilizopigwa kabla ya kimbunga.

Carriacou ni kisiwa cha nchi ya Grenada, kidogo, kilomita za mraba 34 hivi. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilitua juu yake kikiwa daraja la 4, na upepo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Nyumba nyingi mno ziliharibika, na zilizobaki zimesimama, nyingi zilibaki kuta tu. Baada ya kutoka hapo kikapanda hadi daraja la 5, mapema katika mwaka kuliko kimbunga kingine chochote kilichowahi kurekodiwa Atlantiki.

Ndugu zangu waliniuliza natafuta nini mahali palipobomoka. Mimi nimezaliwa Ipinda, Kyela. Mwaka 2011 upepo uliezua nyumba ya mama, mabati tukayaokota kwenye mashamba ya kokoa ya watu. Mama alikuwa anauza mchele. Majirani walifika siku ile ile na misumari na kamba, Mungu awalipe. Lakini wateja wake wa Tukuyu na Mbeya waliacha kuja, karibu miezi minne. Waliona haya kupatana bei na mtu anayelala chini ya turubai. Waliamini wanamhurumia, kumbe magunia yamejaa ndani, na pesa ya mabati ilikuwa humo humo kwenye magunia. Tangu wakati ule, nikisikia watu wanasema "tusiende kule, wenyewe wana matatizo", nauliza kwanza: na wenyewe wamesemaje?

Swali hilo ndilo nililopeleka ofisini, na sifa kubwa ninayowapa ni kwamba walilibeba. Yule dada alifungua ukurasa mpya kwenye daftari lake akaanza kupiga simu. Tofauti ya saa ni saba: kule wakifungua saa tatu asubuhi, huku ni saa kumi jioni, wenzake wanajiandaa kufunga. Alibaki. Siku nyingine nilimkuta saa moja usiku, taa imezimwa ukumbini, anaongea kwenye simu kwa Kiingereza cha taratibu na mtu ambaye nyuma yake nilisikia nyundo zinagonga.

Siku ya tatu akaniita. "Mama, nimempata mwenye nyumba ya wageni. Vitanda vipo, umeme umerudi. Ila tuongee habari za maji."

Hapa ndipo nilipofundishwa kitu. Carriacou haina mito. Watu wanaishi kwa maji ya mvua: yanashuka kwenye paa, yanaingia kwenye gata, yanakwenda kwenye kisima cha zege kilichojengwa pamoja na nyumba. Paa likienda, maji nayo yamekwenda, hata kama kisima ni kizima hakina ufa. Na kiangazi chao ni kuanzia Januari hadi Mei, miezi ile ile ambayo wageni wanapenda kwenda. Kwetu Kyela na Rungwe mvua inanyesha mpaka watu wanaichoka, kwa hiyo paa kwangu lilikuwa kitu cha kuzuia maji yasiingie, basi. Yule dada ni wa Makambako, amekua akikinga maji ya bati kwenye simtanki na kuyapima kwa ndoo. Ndiye aliyejua kuuliza: paa na gata mmesharudisha? Kisima kimepata mvua ngapi tangu mabati yarudi? Mgeni akioga, jirani anakunywa nini?

Kwa majibu hayo akaondoa nyumba mbili kwenye orodha, zote za bei nafuu kuliko tuliyoichukua. Moja ilikuwa bado inalaza familia iliyobomolewa nyumba. Ofisi ingeweza kunipeleka pale, kitanda kingepatikana, nami nisingejua. Akaniambia tu: "Huyu akikupisha kitandani, yeye anakwenda wapi?" Kwa neno hilo peke yake ningewapa nyota zote.

Suala la pili lilitoka kwangu, nao hawakulidharau ingawa lilikuwa geni kwao. Nilijifunza kuzamia Mafia mwaka 2016 nilipokuwa muuguzi kule, na kule tulifundishwa kwamba boti ya wazamiaji haitii nanga juu ya matumbawe. Inafungwa kwenye boya lililoshikizwa chini. Kimbunga hung'oa maboya. Boti zikirudi kazini kabla ya maboya, kila mgeni anakuja na nanga yake juu ya matumbawe ambayo tayari yamevunjika. Yale yenye matawi hukatika kama matawi ya mparachichi wakati wa mvua ya mawe, na kipande kikitulia mahali kinaweza kushika na kuota upya. Kikiburuzwa na mnyororo wa nanga kimekufa. Tena matumbawe ya Karibi yalikuwa hayajapumua tangu joto kali la bahari la 2023 lililoyafanya meupe. Nikamwandikia dada maswali manne: maboya yamerudishwa wapi, kompresa ya kujazia mitungi inafanya kazi, oksijeni ya dharura ipo kwenye boti, na mtu akipata tatizo la kuzamia anapelekwa wapi na kwa chombo gani.

Jibu la mwongoza wazamiaji lilikuja kwa ujumbe wa sauti, mrefu, wa mtu aliyechoka lakini mkweli. Kompresa inasubiri kipuri. Maboya machache yamerudi, hayatoshi. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo msije kabla haujapita. Mimi nilikuwa natamani Desemba. Yeye alisema Machi. Ofisi ingepata kamisheni yake mapema zaidi kwa Desemba, lakini dada alinichezea ule ujumbe mara mbili na kuniambia tumsikilize mwenye bahari. Tukaandika Machi 2025.

Sasa nyota ya tano.

Ratiba ilipotoka, siku ya mwisho iliandikwa hivi: saa tatu asubuhi kuzamia mara mbili, saa kumi jioni uwanja wa ndege. Niliposoma mikono ilipoa. Ukizamia, naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inaingia kwenye damu na misuli kwa sababu ya mgandamizo wa maji, na inataka saa nyingi kutoka polepole. Ukipanda juu mapema, inatoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yanaweza kumpooza mtu au kumuua. Kwa aliyezamia mara kadhaa, kanuni ni saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi hushika 24. Sisi wa nyanda za juu tunalijua hili hata bila ndege. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500, Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, na barabara ya Tukuyu inapanda kupita hapo kabla ya kushuka Uyole. Ndiyo maana mimi na mdogo wangu tukizamia Matema Jumamosi, upande wa Ikombe ambako mawe yanashuka majini chini ya milima ya Livingstone, Jumapili tunashinda ufukweni tunakula wali na mbasa, na Jumatatu alfajiri ndipo tunawasha gari.

Nilimweleza dada, akasimama. "Samahani sana mama, hili sikulijua." Namwamini, na kwa upande wake limekwisha, alilinakili kwa wino mwekundu ndani ya jalada la daftari. Tatizo lilikuwa bosi wake. Boti ya siku ile ilishalipiwa, na kubadilisha kuligharimu 180,000. Yeye akasema mteja ndiye aliyepaswa kusema mapema. Mimi sikubaliani, na nasema hapa kwa sababu kuna mwingine atakuja ambaye amezamia mara tatu tu Nungwi na hajui kusoma ratiba kwa jicho hilo. Anayeuza safari ya kuzamia lazima ajue saa za kupumzika kama anavyojua saa za kuripoti uwanjani. Mwisho tuligawana nusu kwa nusu, baada ya mimi kupanda zile ngazi mara tatu.

Mengine waliyafanya vizuri. Viza za njiani na cheti cha homa ya manjano walivimaliza bila usumbufu. Bima ya kwanza waliyonipa haikuhusu kuzamia. Nilipowaonyesha kifungu walitafuta nyingine siku ile ile, na wakanieleza kwamba bima ya kimbunga inakatwa kabla kimbunga hakijapewa jina, kikishapewa umechelewa. Walinitoa Songwe siku moja kabla ya ndege kubwa ya Dar kwa sababu ya ukungu, na kweli asubuhi ile tulisubiri saa tatu nzima. Malipo ya nyumba na ya mwongozaji walinishauri niyatoe kule kule mkononi, kwa dola ya Karibi Mashariki, ambayo 2.70 ni dola moja ya Marekani, haipandi wala haishuki. Ofisi ikachukua ada yake ya 200,000 tu. Pesa yangu nyingi ilifika nilikotaka ifike.

Safari yenyewe sitaisimulia yote, maana hapa nazungumzia ofisi. Lakini mtu atataka kujua kama yale waliyoyaandika kwenye daftari niliyakuta. Niliyakuta. Feri kutoka St. George's hadi Hillsborough ilichukua saa mbili hivi, na kabla hatujatia gati niliona mabati mapya yanang'aa juu ya nyumba moja na turubai juu ya inayofuata. Mikoko ya Tyrrel Bay, ambako mabaharia hukimbilia boti zao dhoruba ikija, ilikuwa mikavu kama kuni. Mwenye nyumba alinionyesha kisima chake, akafunua kifuniko nitazame kina cha maji, nami nikajua ndoo yangu ni nusu kila jioni. Bei aliyoitaja ilikuwa ile ile aliyomwambia dada. Hakupunguza, nami sikuomba apunguze. Kiunoni nilifungwa vipande viwili vya risasi, vile vya kumzamisha mtu, zaidi ya ninavyovaa Nyasa, kwa kuwa maji ya chumvi yanakuelesha zaidi. Chini ya maji nikaona matumbawe yaliyolala yamevunjika, na pembeni mwamba mzima wenye samaki wengi, mita chache tu kati yao. Boti ilifungwa kwenye boya kila siku. Sehemu zisizo na boya hatukwenda, na mwongozaji hakuomba radhi kwa hilo.

Siku mbili za Grenada kubwa nilizamia Molinere, kwenye zile sanamu zilizowekwa chini ya bahari mwaka 2006, baada ya kimbunga Ivan cha 2004 kuipiga Grenada vibaya. Kuna mduara wa watoto walioshikana mikono, nyuso zao zimeshaota viumbe wa baharini. Nilikaa pale mpaka geji ikaniambia nipande. Siku ya mwisho sikugusa maji. Nilinunua kungumanga sokoni, nimezileta, mama anaweka kwenye pilau.

Kama utakwenda ofisini, nenda baada ya saa tisa, ndipo dada anapopata nafasi, na ubebe kitabu chako cha kumbukumbu za kuzamia. Ratiba isome mwenyewe mstari kwa mstari.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia. Kimbunga Melissa kilikuwa kimeipiga Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa daraja la 5, na kuna kijana wa Iringa alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama bei za kuzamia kule zimeshuka. Daftari lilikuwa wazi mezani, ukurasa mpya. Juu ameandika Jamaica, chini yake paa, maji, maboya, kompresa, nani analala wapi, saa 24. Mbele ya kila neno bado ni patupu. "Nimemwambia asubiri," akasema. "Sijampata mtu wa kule wa kumuuliza."