Seti ya sayari ya Kariakoo: chukua, ila kijitabu chake tupa

Wazazi mnaouliza kuhusu zile seti za mfumo wa jua za plastiki pale Kariakoo, mimi ninayo nyumbani, tumeiunga na dogo wa darasa la tano. Muuzaji alianzia elfu 40 tukamalizana kwa 25.

Plastiki iko poa, jua linawaka kwa betri, rangi mnapaka wenyewe na hapo ndo utamu, mtoto anatulia hata TV hakumbuki. Pete ya Sateni tu ndo inachomoka, tia gundi.

Sasa kijitabu. Eti sayari ni vipande vilivyochomolewa kwenye jua na nyota iliyopita karibu, jamani hiyo stori wanasayansi walishaiacha zamani sana. Inavyojulikana sasa ni kwamba miaka kama bilioni 4.6 iliyopita kulikuwa na wingu la gesi na vumbi, likajivuta kwa uzito wake lenyewe huku linazunguka, likabapa kama chapati, katikati ndo likawaka jua ambalo lilibeba zaidi ya asilimia 99 ya kila kitu, yale makombo yaliyobaki yakawa yanagandana, vumbi kwa vumbi, mawe kwa mawe, na kugongana sana tu, mpaka zikatokea sayari. Ndo maana zote zinalizunguka jua kuelekea upande mmoja na karibu usawa mmoja, na hili seti inalionyesha vizuri kuliko picha ya kitabuni, nyaya zote zimelala flati, mwache dogo azungushe aone.

Karibu na jua joto lilikuwa kali, barafu haikai, kwa hiyo huku kwetu zikabaki sayari ndogo za mawe na chuma. Kule mbali barafu ilikuwepo ya kutosha, Jupita akajishibia, akavuta na gesi juu yake mpaka leo ana uzito wa Dunia 318. Na mkienda Songwe mpelekeni mtoto aone kimondo cha Mbozi, chuma kitupu, kinakadiriwa tani 16, maana vimondo vingi vya chuma vinadhaniwa ni viini vya vijisayari vilivyovunjika enzi hizo hizo.

Saizi usiziamini kabisa, Jupita ya kwenye seti ni kama Dunia mara tatu wakati upana wake halisi ni mara 11. Na Pluto wameiweka kama sayari ya tisa, wakati ilitolewa 2006, dogo kaipaka nyeusi kwa hasira 😂

Betri haziji nazo, nunua hapo hapo. Kwa 40 usikubali.