Kamera mpya, fokasi ya kubahatisha: uzoefu wangu Mbeya

Rangi za kamera hii nazipenda. Ngozi nyeusi inatoka ilivyo, haigeuki kijivu, na betri yake ni mvumilivu. Ugomvi wangu nayo ni mmoja tu, ila ni mkubwa: fokasi ya otomatiki, yaani kamera kujikazia yenyewe picha ili unayempiga atoke bila ukungu. Jina la kampuni naliacha, maana nimeshika kamera za kampuni nyingine za daraja hilihili nikaona visa vilevile.

Napiga harusi na sendofu hapa Mbeya mjini, mara nyingine nashuka hadi Tukuyu. Dukani kamera iliniridhisha. Muuzaji aliielekeza barabarani, tii! ikashika bajaji, tii! ikashika kibao cha duka la ng'ambo. "Dada, hii ina pointi za fokasi zaidi ya mia mbili," akaniambia, yaani sehemu za picha ambazo kamera inaweza kushika, na kwenye boksi imeandikwa hivyo kweli. Lakini jua la Mwanjelwa saa saba mchana halimnyimi mtu fokasi. Hata simu ya bei ya chini ingeshika.

Kasheshe ilianza ukumbini. Mnajua kumbi zetu: taa nyeupe zinazimwa, zinabaki zambarau na bluu, bibi harusi anaingia kwa madaha na wapambe wake. Nikabonyeza. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Hatimaye kiboksi cha kijani, alama kwamba kamera imeshika, kikakaa usoni kwa bibi harusi, nikapiga mfululizo. Kuzikuza kwenye kompyuta, taa za jukwaani nyuma yake zimekaza safi, yeye mwenyewe ana ukungu. Mama mzazi akanipigia: "Mwanangu, mapambo tunayaona vizuri, mbona mtoto wangu haonekani?" Nilikosa la kujibu.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Kamera hii inafokasi kwa kupima utofauti wa mwanga na giza kwenye picha. Inasogeza lenzi hadi utofauti ufike kileleni, lakini haiwezi kujua kilele ni kipi mpaka ikipite kisha irudi. Ndiyo maana inahangaika. Mtu akitembea kuja kwako, ikirudi yeye ameshahama. Na taa kali nyuma yake ina utofauti mkubwa kuliko uso ulio gizani, kwa hiyo inashinda. Kuna njia nyingine, ya kulinganisha mwanga unaoingia pande mbili za lenzi; hiyo inajua papo hapo isogee upande gani na kiasi gani. Canon waliiweka juu ya sensa yenyewe, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kila pikseli ikigawanywa nusu mbili, kwenye EOS 70D mwaka 2013. Si teknolojia ya jana, na kwangu wingi wa pointi kwenye boksi hauzibi pengo hilo.

Ukungu nao ni balaa jingine. Nilipeleka wachumba mashamba ya chai ya Tukuyu asubuhi. Chai ni kijani kitupu, ukungu umefuta kingo zote, kamera haina pa kushika. Hapo nilizima otomatiki nikazungusha lenzi kwa mkono, nikitumia ile rangi nyekundu inayozunguka kingo zilizokaza. Picha zikawa nzuri sana, tatizo wachumba walisimama wakatetemeka kwa baridi wakinisubiri.

Ukumbini sasa natumia pointi moja ya katikati, naiweka pale kola nyeupe inapokutana na koti jeusi, siyo shavuni. Maandamano ya kuingia nayawahi: nafokasi ukingo wa zulia, nafunga fokasi, nasubiri bibi harusi akanyage hapo ndipo nabonyeza. Kilichosaidia kuliko vyote ni lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8; namba hiyo ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi. Ile iliyokuja boksini ukivuta karibu inabaki f/5.6, na f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kuhangaika kumepungua, hakujaisha. Kwenye video bado picha inapwaya mzungumzaji akiwa katikati ya nasaha, na hilo sijalipatia dawa.

Kama unakwenda kununua, usikubali kujaribiwa kamera mlangoni. Ingia nayo ndani kabisa kwenye makasha, mwombe mtu mwenye nguo nyeusi atembee kukufuata, piga mfululizo, kisha kuza kila picha ukiwa hapohapo dukani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Nilirudi kudai waranti. Fundi wao akaijaribu, akasasisha programu ya ndani, akanirudishia: "Dada, haina ubovu, ndivyo ilivyoundwa." Kwa hiyo waranti haihusiki. Nimeitangaza kuiuza, na aliyeulizia mpaka sasa ana studio ya picha za pasipoti. Mteja ameketi kwenye stuli, taa mbili usoni, kitambaa cheupe nyuma. Kwake itafanya kazi bila kelele, nami nimempunguzia bei kidogo.