Kitabu cha nadharia za uhusiano wa kimataifa: fungua sura ya Umaksi kabla hujafungua pochi

Kila muhula ukianza, lalamiko kutoka kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Tunguu, Unguja, ni lile lile. Kitabu kimenunuliwa ghali, mtihani umekuja na swali la Umaksi, nadharia inayotokana na Karl Marx, na kitabu kizima hakina sura hiyo. Kurudisha haiwezekani, risiti imeandikwa "kikiuzwa hakirudi".

Mwongozo huu ni wa wanaoanza siasa, diplomasia au uhusiano wa kimataifa, Unguja na Pemba. Ukubwa wa herufi na uzuri wa jalada mtaviona wenyewe. Wala hatuulizi kama kitabu kinaeleza uhalisia, maana vyote vinaeleza: kitabu cha Morgenthau cha 1948, cha Waltz cha 1979, dola (yaani nchi) zinazojilinda zenyewe kwa kuwa juu yao hakuna wa kuzihukumu, mizani ya nguvu. Uliberali nao hauna wasiwasi wa nafasi. Kant na amani yake ya 1795 yumo, Keohane na Nye na kutegemeana kwao (1977) wamo.

Kinachopotea ni Umaksi, na hupotea kwa njia tatu. Kuna vitabu vinavyouchomeka ndani ya sura ya uchumi-siasa wa kimataifa, huko mbele baada ya nadharia "zenyewe" kwisha, ukabanwa kati ya ushuru na biashara huria. Kuna vinavyoufunga furushi moja na nadharia za ukosoaji. Wanafalsafa wa Frankfurt wanapata kurasa, Lenin anapata aya mbili. Na kuna vinavyouandika kama taarifa ya tanzia: Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, basi, tuendelee. Hii ya tatu ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu Wallerstein alipoanza kuchapisha kazi yake ya mfumo wa dunia, 1974, hakuwa akiitetea Moscow. Alikuwa akieleza kwa nini anayezalisha malighafi hubaki anazalisha malighafi.

Kipimo cha dukani hakichukui dakika tano. Fungua yaliyomo, tafuta sura yenye Marx au Umaksi katika jina lake. Hesabu kurasa zake, kisha hesabu za uhalisia. Zikiwa pungufu ya nusu, rudisha rafuni. Nenda kwenye faharasa nyuma, tafuta majina makuu ya nadharia hiyo: Lenin, Gramsci, Wallerstein na Andre Gunder Frank. Ukikosa zaidi ya mmoja, kitabu hicho hakikutoshi. Ukimkuta Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, furahi. Halafu soma aya mbili tu, na ziwe hizi.

Aya ya kwanza ni ya Wallerstein. Kitabu kinachotaja kitovu (nchi tajiri) na pembezoni (nchi za malighafi) peke yake kimekuuzia theluthi mbili. Yeye aliweka tabaka la kati, nusu-pembezoni, ambalo hunyonywa na kitovu na lenyewe hunyonya pembezoni, na ndilo linaloufanya mfumo usipasuke. Wanaosoma kwenye vitabu vyembamba huandika mbili, na alama zinakwenda.

Aya ya pili ni ya hejimonia. Kwa mhalisia, neno hilo ni dola moja kuwa na nguvu kupita zote. Kwa Gramsci, na kwa Robert Cox aliyemwingiza kwenye somo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni utawala unaokaa kwa ridhaa zaidi kuliko mabavu: wanaotawaliwa wanaona mpangilio uliopo ndio akili ya kawaida. Kitabu kisichotenganisha maana hizo mbili kitakufanya ujibu swali la Cox kwa jibu la Gilpin, mhalisia. Maalim akisahihisha hatakuuliza ulinunua wapi.

Na hapa kwetu upungufu huo unauma zaidi. Chukua mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Mhalisia anakupa Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, na Berlin wakipimana: Ujerumani inachukua kisiwa cha Heligoland, Uingereza inapata Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya yake, na sultani ni mdogo mno kuhesabiwa. Mliberali anakuonesha mabishano yaliyomalizwa mezani badala ya vitani. Yote mawili ni kweli. Lakini nani anakueleza kwamba kabla ya serikali hizo palikuwa na makampuni, ile ya Carl Peters upande wa Wajerumani na ile ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme 1888? Nani anauliza karafuu ililimwa na nani, ikauzwa na nani, faida ikalala wapi? Hilo ni swali la Mmaksi. Vivyo hivyo mapema 1964: Mapinduzi ya Januari, Abdulrahman Babu kwenye mambo ya nje, Ujerumani Mashariki kutambuliwa, halafu majumba ya Kilimani na Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wake. Uhalisia pekee utakwambia Vita Baridi na ukome hapo.

Sasa vitabu.

Nafasi ya kwanza ni The Globalization of World Politics cha Baylis, Smith na Owens, kilichochapwa na Oxford, na hatuoni haya kusema tunakipendelea. Kilitoka mara ya kwanza 1997 na kimekuwa kikifanyiwa matoleo mapya tangu hapo. Umaksi una sura yake kamili, ya Hobden na Wyn Jones, imeandikwa na watu wanaoujua, na Lenin, Gramsci na Wallerstein wote wamo. Kila sura ina mifano na maswali ya kujipima. Kasoro yake ni uzito. Ni tofali, na kubeba kila siku kwenye daladala ni adhabu. Tahadhari moja: mpangilio wa sura hubadilika toleo kwa toleo, kwa hiyo mhadhiri akisema "someni sura ya nane", muulize jina la sura, usikamate namba.

Cha pili ni cha Dunne, Kurki na Smith, International Relations Theories, nacho cha Oxford, tangu 2007. Uzuri wake ni kwamba nadharia nyingi zimeandikwa na wanaoziamini: uhalisia wa kimuundo ni wa Mearsheimer mwenyewe, Umaksi ni wa Mark Rupert. Matoleo ya mwanzo yaliufunga na nadharia ya ukosoaji, ndiyo, ila Rupert hamwachi Marx nje ya mlango. Kwa mwaka wa kwanza ni kigumu. Mwaka wa pili kinunue kabla ya hicho cha kwanza.

Cha tatu ni cha Burchill, Linklater na wenzao, Theories of International Relations. Sura ya Umaksi ya Linklater ni nzuri sana, pengine imewashinda wote kwa kina, lakini mifano ni michache na aya ni ndefu.

Cha nne, na hapa tutagombana na wengi, ni cha Jackson na Sørensen, Introduction to International Relations. Ndicho kinachopendwa, na lugha yake ni nyepesi kweli. Nadharia ya Waingereza ya jamii ya kimataifa hakuna anayeieleza vizuri kama wao. Lakini Umaksi wameuweka kwenye uchumi-siasa, palepale tuliposema. Ukishakuwa nacho usikitupe, nenda moja kwa moja kwenye sura hiyo. Cynthia Weber, anayefundisha kwa filamu, ni wa kusomea raha. Umaksi wake ni ule wa Hardt na Negri, waandishi wa Empire, si wa Lenin.

Mwenye fedha kidogo: E-International Relations hutoa kitabu cha nadharia bure kihalali kwenye intaneti, kina sura ya Umaksi ya Maïa Pal, fupi. Fotokopi ya kubaindi, hakikisha faharasa imo. Mara nyingi haimo.

Tuje kwa wauzaji. Matoleo ya bei nafuu yanayochapwa India huandikwa nyuma ya jalada kwamba si ya kuuzwa nje ya nchi zilizotajwa, karatasi yake ni nyembamba na rangi hakuna. Hayo ndiyo tunayouziwa Darajani kwa bei ya kitabu kilichotoka Uingereza, na stika ya bei imebandikwa juu ya maandishi yale yale. Ibandue. Kuna na wanaovifunga vitabu kwa nailoni na kukataa visifunguliwe; kitabu cha kiada si marashi, asiyekubali ufungue faharasa asikuuzie. Na ule wimbo wa "dola imepanda" unaimbwa hata kwa vitabu vilivyolala rafuni tangu dola haijapanda.

Pemba ni mzigo juu ya mzigo, maana anayeagiza kutoka Chake au Wete hulipia boti na hana nafasi ya kufungua kitabu kabla hakijafika. Mwambie muuzaji akupigie picha nne kwa simu: ukurasa wa hakimiliki wenye mwaka na namba ya toleo, yaliyomo yote, ukurasa wa faharasa wenye herufi L, na nyuma ya jalada bila stika. Akikataa moja kati ya hizo, usitume pesa.