TAHADHARI: Unga wa magoti unaouzwa Kisumu. Kama unautumia, usiuache ghafla

Naanza na la muhimu, maana kuna atakayesoma mistari miwili tu. Kama wewe au mzee wako mmekuwa mkitumia ule unga wa kahawia wa magoti na mgongo, wa kikopo cheupe chenye picha ya mti, kwa wiki tatu au zaidi, msiutupe leo mkadhani mmemaliza. Mpelekeni mgonjwa hospitali pamoja na kikopo chenyewe. Mama yangu unga ulimharibu polepole, lakini kilichotaka kumuua ni kuuacha.

Muuzaji simtaji jina, kwanza sidhani ana moja. Jumapili huegesha gari karibu na soko la Kibuye, vipaza sauti juu, na sauti iliyorekodiwa inarudia kwa Kiswahili na Kijaluo: miti shamba, haina kemikali, haina madhara. Shilingi 1,500 kikopo, viwili 2,500. Anavaa koti jeupe. Watu wanamwita daktari, naye anaitika.

Mama ana miaka 63 na magoti yamemsumbua tangu nikiwa shule ya msingi. Kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi, na siku ya tatu akatembea hadi barabarani bila fimbo. Nilifurahi kumshinda. Ni mimi niliyelipa, na ni mimi niliyewapa majirani wawili namba ya yule bwana. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi wa pili wa kuutumia akaanza kunenepa. Kanisani wakampongeza: umenawiri mama, watoto wanakutunza. Uso ukawa mviringo kama sahani, tumbo likatoka, nyama ikajikusanya nyuma ya shingo. Lakini mikono na miguu ilizidi kukonda, na hapo ndipo ningeshtuka, kwa sababu mtu hanenepi nusu. Siku moja nilimbandua plasta mkononi, ngozi ikaja nayo kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji moto. Kliniki wakampima sukari, 13. Akaambiwa apunguze sukari kwenye chai. Unga hakuutaja, kwake ule ulikuwa mti tu, si dawa.

Mwezi wa tano yule bwana akatoweka, simu haipatikani. Kikopo kikaisha Ijumaa. Jumapili mama alishindwa kuinuka. Sisi huku kila kitu ni malaria, tukampima, hakuna. Jumatatu usiku anatapika, anaongea maneno yasiyoeleweka, tukampakia tuktuk. Presha 80 kwa 50, chini mno. Sukari iliyokuwa 13 sasa ni 2.9.

Daktari alimtazama uso, akainua mkono wake akaangalia alama nyeusi za kuvilia damu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mama, unatumia dawa gani ya viungo?" Mama akanitazama mimi.

Alivyotueleza ni hivi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayoitwa adrenali. Kazi yake mojawapo ni kutoa homoni ya kotisoli, ile inayoshikilia presha na sukari, hasa mwili ukiwa na shida. Tezi nyingine chini ya ubongo, pituitari, ndiyo huiamuru itoe. Ukimpa mtu steroidi kila siku, yaani dawa inayofanya kazi kama kotisoli, mfano deksamethasoni au prednisoloni, pituitari inaona nyumba imejaa, inaacha kutuma amri, na adrenali inalala, hata kusinyaa. Sasa steroidi ikikatika ghafla, ya nje hakuna na ya ndani hakuna. Ndiyo maana damu yake ya saa mbili asubuhi, wakati kotisoli hupaswa kuwa juu, ilikuwa karibu haina kitu, huku uso wake ukiwa wa mtu aliyezidishiwa homoni hiyohiyo kwa miezi. Hayo mawili hayakutani kwa mtu anayekunywa majani tu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1948 huko Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni, aina ya steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi, na baada ya siku chache akawa anatembea. Kwa hiyo muujiza wa siku tatu haukuwa mpya. Steroidi ni dawa nzuri mkononi mwa anayejua kipimo. Ndani ya kikopo kisicho na orodha ya viambato wala tarehe ya kuisha, hujui kijiko kimoja kimebeba kiasi gani.

Alidungwa sindano ya haidrokotisoni, akawekewa dripu ya maji ya chumvi, na kesho yake akaitisha chai. Nililia kwenye korido. Sasa anameza prednisoloni inayopunguzwa kidogo kidogo, kazi ya miezi, na ameonywa asiruke hata siku moja, na akipata homa au akitapika arudi hospitali upesi. Magoti yamerudi kuuma. Juzi aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kile kikopo hakipatikani mahali pengine.

Jirani mmoja tulimwahi, yuko kliniki. Wa pili anasema namwonea wivu. Nimepiga ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ndiyo inayosajili dawa nchini, na kikopo kilichobaki na unga kidogo nimekihifadhi. Mwenye chake naye akihifadhi.

Jumapili iliyopita binamu yangu alipita Kibuye. Gari limerudi. Kikopo sasa ni cha kijani, na dawa ni ya pumu na mwasho wa ngozi, magonjwa mawili ambayo steroidi nayo huyatuliza haraka. Sauti kwenye vipaza ni ileile.