Uzoefu wangu wa kuthamini santuri za marehemu baba kwa kutumia Discogs

Marehemu baba alituachia sanduku la bati lenye santuri 43. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizofyatuliwa Nairobi katika miaka ya 1970, zikiwamo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapa kwetu Tanga. Kabla ya kukubali bei ya jumla aliyotutajia mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, niliamua kuzikadiria mwenyewe kupitia Discogs, huduma ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2000 kama orodha ya santuri inayojazwa na watumiaji wenyewe, kisha ikapata na soko lake.

Sifa yake kubwa ni kuitambua santuri. Jina la wimbo halitoshi, kwa kuwa wimbo mmoja unaweza kutolewa mara kadhaa chini ya lebo mbalimbali. Kinachoamua ni namba iliyochapwa kwenye lebo pamoja na ile iliyochongwa mahali palaini kati ya lebo na mwisho wa mifereji, ambayo niliisoma kwa kuiinamisha santuri kwenye mwanga wa tochi ya simu. Jioni nne zilipita, macho yakaniuma, lakini nilizipata 31.

Kuhusu bei, tahadhari inahitajika. Huduma huonyesha bei ya chini, ya kati na ya juu ambayo toleo limewahi kuuzwa, na kwa santuri za Ulaya zinazouzwa kila wiki hiyo ni dira nzuri. Za kwetu pengine zimeuzwa mara tatu tu, hivyo mnunuzi mmoja mwenye shauku hutosha kuipaisha bei: toleo langu moja lilikuwa na bei ya juu iliyozidi ya chini mara sita. Zile bei ambazo wauzaji wanaomba sikuzitazama kabisa, maana kuomba si kulipwa.

Kosa kubwa nililifanya mimi mwenyewe katika kupanga madaraja ya hali. Santuri moja iling'aa, nikaipa VG+ (yaani “nzuri sana na zaidi”) na kuiuza bila kuipiga, kumbe mifereji ilikuwa imelika, kwa sababu baba alizoea kuweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Nililazimika kumrudishia mnunuzi nusu ya fedha zake, na tangu siku hiyo sipangi daraja kabla ya kusikiliza pande zote mbili.

Hata hivyo, santuri hizo zilizolika bado zinaimba, ilhali kaseti ambazo baba alinakilia nyimbo zilezile zimefifia, na CD nilizochoma mwaka 2004 hazisomeki tena. Adui wa santuri hapa pwani ni joto na unyevu: tatu zilizolazwa chini ya nyingine zilipinda, na kadhaa ziliota kuvu kwenye majalada, kwa hiyo sasa zote zinasimama wima kabatini. Mbili za zamani za mizunguko 78 nilizifuta kwa maji yaliyochujwa tu, kwani spiriti huyeyusha utomvu zilizotengenezewa.

Santuri moja ya kikundi cha taarabu haikuwamo katika orodha, nikaiingiza mwenyewe pamoja na picha za lebo. Haukupita mwezi, mtu mmoja aliniandikia kuuliza ninaiuza kwa bei gani. Bado sijamjibu.